Mkaja wa Bwana Shamba

Kila Alhamisi Bwana Shamba alitoka Tabora mpaka Usoke kwa pikipiki ya serikali, kukagua mabani ya kukaushia tumbaku ya kijiji cha ujamaa. Kiti alikitandika ngozi ya mbuzi, na penye makorongo alisimama juu ya vikanyagio kama anayechungulia ua wa jirani. Akifika hakai. Uji wa Bertila, mwenyeji wake pale kijijini, aliunywa wima, mkono kiunoni. Chini ya shati alijifunga mkaja wa kaniki, kama mama mzazi, mgongo wake mbovu usimlegee.

“Ndugu, umejifungua lini?” wanaume walimtania.

“Kila nikifika hapa.”

Bertila naye alicheka, mpaka Alhamisi ile mke wa mwanawe alipokuwa na uchungu siku ya pili, na treni ya kwenda Tabora imeshapita. Bwana Shamba hakumaliza uji. Aliufungua mkaja mbele za watu, akamkalisha binti kwenye ngozi, akamfunga nao mgongoni kwake asianguke, wakaondoka polepole kwenda hospitali ya Tabora.

Kesho yake alirudi, akashuka kwa shida.

“Wa kike. Wazima wote,” alimwambia Bertila. “Mkaja nimemwachia mzazi.”

Bertila aliingia ndani, akatoka na mkaja wake wa zamani, akamfunga Bwana Shamba kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza.