Mama Alipovua Viatu St. Louis

Mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba ukifika kwenye lile tao la St. Louis, Marekani, unavua viatu mlangoni. Hakuna kitu kama hicho. Nilikitunga mezani kwetu hapa Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, mkate mdomoni, na kukitunga kulinichukua muda mfupi kuliko kuutafuna ule mkate.

Nihukumu tu, lakini kwanza ujue kazi yangu nyumbani. Mimi ndiye ninayesoma. Tangu nina miaka tisa, barua ikija, iwe ya umeme, ya shule au ya hospitali, napewa mimi. Si kwamba mama hajui Kiingereza. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, anabishana nao kutwa nzima kwa Kiingereza na anawashinda. Ila anasema Kiingereza cha karatasi kina ujanja, na mjanja ashughulikie wajanja wenzake. Nikisema wanataka nakala mbili, zinatolewa mbili. Nikisema foleni inaanzia dirisha la tatu, ukoo mzima unasimama dirisha la tatu. Hakuna anayekwenda kuhakiki.

Sasa, mama ana dada yake, mama yangu mkubwa, anayeishi St. Louis. Mwaka huu mama mkubwa aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mama akaomba likizo ya wiki mbili aende kumuuguza. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Mama mkubwa akamwambia kwenye simu, nami nasikia kwa sababu kwetu simu zote huongelewa kwa sauti ya mkutano wa hadhara:

"Usije kukaa chumbani unanitazama kama maiti, mdogo wangu. Siku moja utoke, utembee."

"Nitembee wapi?"

"Sijui! Mimi nina miaka ishirini hapa, hilo tao lao naliona nikienda kazini, basi. Mwulize mwanao, si ndiye anayejua kila kitu."

Tukamcheka, lakini hatukuwa na haki ya kumcheka. Lile jumba la opera la hapa Sydney, lenye mapaa kama makombe ya baharini, mama ameliona kwa dirisha la treni tu, miaka ile ya kwanza alipokuwa anakwenda kusafisha ofisi mjini. Mimi nimelifikia mara moja, na shule, na nikalala kwenye basi wakati wa kurudi.

"Nitafutie mambo ya mji ule," mama akaniambia. "Uniandikie kwenye daftari. Na uandike Kiswahili, maana kila nikikusemesha unanijibu Kiingereza kama karani wa benki."

Nikakaa nikasoma, na ukweli ni kwamba mji wenyewe ulinifurahisha. Niliandika kwamba kuna tao la chuma linalong'aa, limesimama kando ya mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, nawe unapandishwa juu kwa kijumba kidogo cha watu watano, mmebanana kama nguo ndani ya mashine ya kufulia. Niliandika kwamba pitsa yao ni nyembamba kama kadi na wanaikata vipande vya mraba. Wana keki inayonata ambayo ilizaliwa, wanasema, mwokaji alipokosea vipimo. Ukikutana na mtu wa kule, swali lake la kwanza ni ulisoma sekondari gani, na ukimjibu anadhani ameshakujua hadi kabila. Na tarehe thelathini na moja Oktoba watoto waliojivika kama mizimu hupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, lakini hawapewi mpaka watoe kichekesho kwanza. Hilo la vichekesho nililipigia mstari mara mbili. Nilihisi nimezaliwa mji usio wangu.

Kisha nikafika kwenye jumba moja la makumbusho lililokuwa zamani kiwanda cha viatu. Kumbe mji ule ulikuwa mji wa viatu hasa.

Hapo ndipo mama alipoingia kutoka dukani, amefura. Kuna baba mzima, ana ndevu, alikuwa kwenye foleni ya maziwa yuko peku. Hapa Sydney hilo ni jambo la kawaida, watu wanaingia dukani miguu mitupu kama wako sebuleni kwao, lakini mama hajawahi kuzoea. "Miguu ile!" akasema. "Mbele ya mikate! Kwa nini hawa watu hawana adabu ya viatu?"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Kule kwa mama mkubwa wana adabu ya viatu mpaka imezidi. Kwa sababu zamani walikuwa na viwanda vya viatu. Ukiingia kwenye tao unavua viatu mlangoni, kuwaheshimu wafanyakazi wa zamani. Ni mila."

"Acha!"

"Imeandikwa hapa."

Mama akatikisa kichwa polepole, kwa heshima. "Unaona? Wana utu." Nilipomsomea la watoto na vichekesho, akacheka na kunipiga begani na kitambaa cha jikoni. "Hilo sasa umelitunga. Mtoto gani anachekesha watu kwa pipi? Futa."

Ukweli akaukataa, uongo akaupokea kwa mikono miwili. Nilikimbilia chumbani kucheka. Nilipanga kumwambia usiku ule ule. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasahau, au nilijisahaulisha.

Uwanja wa ndege, baba alipokwenda kulipia maegesho, mama alifungua mkoba wake akanionyesha kitu kama mtu anayeonyesha pete. Soksi. Mpya, nyeupe, bado zina karatasi yake.

"Za kupandia lile tao," akanong'ona. "Zangu zote zimetoboka kisigino, ile kazi ya kusimama. Sitavua viatu mbele ya Wamarekani na soksi zenye madirisha."

Hapo nilikuwa na nafasi. Ingetosha maneno matano tu: mama, lile la viatu nilitunga. Tungecheka, angenifinya, zile soksi angezivaa kwenye ndege. Nikasema, "Nzuri, mama." Akazirudisha mkobani, akanibusu kipajini, akaenda.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nikiwa kwenye treni ya shule, simu ikatikisika mara tano mfululizo. Mama alikuwa ametembea siku nzima akirekodi sauti, na alipopata mtandao zikaingia kwa mkupuo. Kule kwao ilikuwa bado jana, tarehe thelathini na moja, alasiri. Nikaweka vidude vya masikioni.

Ya kwanza, akiniita baba kama kawaida yake: "Baba, nimefika. Ni kubwa! Linang'aa kama sufuria ya harusi. Baridi ipo lakini si mbaya."

Ya pili ilikuwa na mwangwi. "Niko mlangoni, pale wanapokagua mikoba. Nimevua. Mlinzi ananiambia, mama, si lazima, vaa tu. Nikamwambia hapana, mwanangu alisoma habari zenu, najua mila yenu. Akaniangalia. Nadhani ni kijana wa juzi, hajui historia."

Nilicheka sauti moja tu, kisha nikaziba mdomo. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akaniangalia.

Ya tatu: "Sakafu yao ni ya baridi, jamani. Lakini soksi zinasaidia."

Nikamwona. Ile miguu naijua. Akirudi kazini huvimba juu ya ukosi wa kiatu kama mkate uliozidi chombo, nami ndiye ninayemletea beseni la maji ya moto. Sasa nilikuwa nimeitembeza juu ya sakafu ya mawe, ng'ambo ya dunia, viatu mkononi, watu wakipisha.

Ya nne alinong'ona. "Niko ndani ya kijumba cha kupandia. Kweli ni kama mashine ya kufulia. Niko na mzee mmoja na mkewe, watu wa hapa hapa. Wameniuliza kwa nini sina viatu, nikawaeleza ya wafanyakazi wa viwandani. Mzee akasema mama yake alishona viatu mji huu mpaka vidole vikapinda, na hakujua kuna anayemkumbuka. Baba, amevua. Amevua viatu vyake, na mkewe naye anafungua kamba."

Ya tano ilikuwa upepo, na mama akisema mto unaonekana vizuri. Sikuisikiliza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa utani. Nimewahi kumshawishi mwalimu mbadala kwamba darasa letu husali kwa kuimba kabla ya hesabu. Lakini utani huwa na mahali unapoishia, watu wanacheka, basi. Huu ulikuwa bado unatembea peke yake, na sasa ulikuwa umewavua viatu wazee wawili ambao sijawahi kuwaona.

Shuleni kwetu simu ni marufuku kuanzia kengele ya kwanza. Mapumziko yalipofika nikazunguka nyuma ya kantini, kwenye mapipa, mahali ambapo hakuna mwalimu anayependa kufika kwa sababu ya kwarara weupe, ndege wa midomo mirefu wanaofukua takataka. Nikapiga. Kwarara mmoja alinitazama kama anajua kila kitu.

"Baba!" Mama alikuwa na furaha, nyuma yake kengele ya mlango inalia. "Subiri, subiri, mlangoni kuna mtoto amevaa shuka."

Nikasikia sauti ndogo ya Kimarekani ikianza kichekesho kuhusu kuku, ikakwama katikati, ikaanza upya, ikakwama palepale. Mama mkubwa, kutoka kitini kwake ndani, akacheka mpaka akalalamika nyonga. Pipi zikamwagika mfukoni mwa mtoto. Mlango ukafungwa.

"Umesikia?" mama akasema. "Kumbe kweli! Huyo ni wa saba. Wote wanatoa vichekesho. Nami nilikuambia umetunga, nikakupiga na kitambaa. Mwanangu, nisamehe. Ulisoma vizuri, mimi ndiye niliyekubishia."

Hilo ndilo lililonivunja. Kama angenitukana ningejua la kujibu, maana kwa matusi nina uzoefu.

"Mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikumjibu Kiingereza. "La watoto ni kweli. La viatu nilitunga. Hakuna mila. Hakuna mtu anayevua viatu pale. Nilitaka kukuambia uwanja wa ndege, uliponionyesha soksi, nikashindwa. Naomba unisamehe. Na yule mzee..."

Kengele ya mlango ikalia tena kule, na hakuna aliyekwenda kufungua. Kwarara akavuta ganda la ndizi. Nilisubiri, nikiwa nimebana simu sikioni mpaka sikio likauma.

Halafu mama akasema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Nilijua. Yule mlinzi aliponiambia nivae, nikamtazama usoni, nikajua, ingawa kwenye rekodi nilijifanya sijui. Lakini nilikuwa nimeshamwambia ni mwanangu aliyesoma, na ningevaa pale pale, ningekuwa nimemwambia kwamba mwanangu ni mwongo. Kwa hiyo nikapanda na soksi zangu. Kisha yule mzee akavua vyake, akataja mama yake, nikashindwa kumwambia. Basi leo tumedanganya wawili, wewe na mimi, na mimi sikuzoea. Rudi darasani. Na hizo soksi sizifui. Nimezifunga kwenye mfuko, nakuletea uzifue wewe."