Yai Nililolisugua Sokoni Arua

Mimi huona haya kusema mbele ya watu, lakini siku ile nilisema. Kuku wangu chotara hutaga mayai ya kahawia iliyokoza. Niliyaleta sokoni Arua, ambako Mama Candiru, muuza chai, asiponunua yeye, wengine hawanunui. Akacheka: "Kijana, hii mayai ulipaka majani ya chai!"

"Lete maji," nikasema kwa sauti. Nikalowesha yai, nikalisugua kwa kidole gumba mbele ya wote. Rangi ikatoka. Yai likapauka, kidole kikawa cha kahawia.

"Iko mwongo!" wakapiga kelele.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba kuku wangu hulipaka yai rangi mwisho, juu ya ganda, nayo ikisuguliwa hutoka. Lakini siku ile sikuomba radhi.

"Mama," nikamjibu, "mwenye kupaka iko kwetu kijijini Manibe, nalala kwa kiota. Nenda kamata yeye!"