Siku Tulipotolewa Mahakamani

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, kati ya mama na shangazi, hakimu aliposema watu wasiohusika na shauri watoke nje. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba apishwe njiani. Shahidi anayefuata, alieleza, ni askari aliyefanya kazi kwa siri vijijini na bado anaifanya, kwa hiyo sura yake isionekane. Atasikilizwa faragha.

Kaka yangu alikuwa kizimbani, ameshtakiwa kwa kukutwa na baruti za kuvulia samaki. Tulitoka kijijini kwetu Kinjumbi alfajiri tukitumaini kesi itaisha siku ile na tutarudi naye. Baba alikuwa kitandani tangu mvua za vuli, hawezi hata kujigeuza, na kila jioni aliuliza kama mwanawe amefika. Kaka naye, kila tulipomwona, aliuliza kwanza kama baba yupo.

Tukatoka. Karani akafunga mlango, kisha tukasikia madirisha yakifungwa, ingawa joto lilikuwa kali.

Mama hakwenda upande wenye kivuli walikokwenda wengine. Alikaa chini pale pale barazani, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni. Shangazi alimtazama, akakaa vile vile. Nami nikakaa. Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu, wanaume wakiwatoa wanawake chumbani na kufunga mlango, ndani kuna maiti ya mwanamume inaoshwa. Mama hakuwahi kungoja nje ya mlango wa namna ile kwa sababu nyingine, na mwili wake ulikaa kama ulivyozoea.

Sauti ya shahidi ilitufikia bila maneno, ikipanda na kushuka nyuma ya mbao, kama mtu anayesoma akiwa mbali. Nilifumba macho nikaanza kumtafutia sura. Nilimpa za wageni waliowahi kupita kijijini: ya mnunuzi wa pweza aliyependa kutaniana na watoto, kisha ya fundi wa taa za jua, kisha ya mgeni aliyeswali safu moja na baba, akaomba maji ya kunywa. Kila sura ilimkaa vizuri, halafu ikamtoka. Wote walipita mbele yangu taratibu, wamebeba mizigo yao, na hakuna aliyegeuka. Sikuwachukia. Nilitaka tu yule wa ndani amalize kusema, kaka arudi nyumbani.

Mzee mmoja aliyekuja na shauri lake alisimama mbele yetu, akavua viatu, akatuombea subira kwa Mwenyezi Mungu. Mama akaitikia amina.

"Wifi, funua uso," shangazi alinong'ona. "Tunapewa pole na hatujafiwa."

"Mwache. Subira tunaihitaji."

Shangazi akacheka ndani ya kanga yake mpaka mabega yakatikisika, na aliyeona kwa mbali angedhani analia.

Joto lilinichukua. Sijui kama nililala. Mlango ulipofunguliwa, shahidi alikuwa ameshatolewa kwa nyuma, na karani akatuambia kesi imeahirishwa mpaka mwezi ujao. Kisha askari wawili wakamtoa kaka akiwa na pingu, wampeleke garini.

Alituona, akasimama. Alimtazama mama, akamtazama shangazi, miguu yetu iliyonyooka, kanga zetu.

"Mmemzika lini?"

Mama hakuelewa anaulizwa nini. Mimi, ambaye hata dukani hunyoosha kidole tu nikionyesha ninachotaka, nilijikuta nikisema mbele ya watu wote.

"Baba yupo."

Hakuniamini. Niliona anavyoniangalia, kama mtu anayedanganywa kwa huruma. Askari mmoja alimshika mkono wamalize safari, naye hakusogea. Basi nikapiga simu nyumbani, nikamwomba binamu aliyebaki na mgonjwa amwekee baba simu sikioni. Nikaiweka simu kwenye spika, nikamsogezea kaka. Askari aliyemshika akageuza uso, akatazama barabarani.

"Shikamoo, baba."

Kulikuwa na mkwaruzo, na pumzi. Halafu sauti ikaja, ndogo, lakini ni yake.

"Marahaba. Upo njiani?"

Kaka alimwangalia mama, ambaye sasa alikuwa amefunua uso na anainuka, kanga mkononi.

"Bado kidogo, baba," alisema.