Machela ya Baba Mkwe

Ndugu msomaji, nadhani mchumba sina tena. Tangu nirudi Mwananyamala chakula hakipiti.

Nilikwenda Morogoro kujitambulisha kwa baba yake Rehema. Mzee akasema yeye na wadogo zake watupeleke msituni, mlimani, nikaone maporomoko ya maji; matembezi mepesi tu. Kwenda nilijikaza. Kurudi, viatu vya mtumba vikanibana, pumzi ikakata. Nikaona aibu kusema nimechoka mbele ya mzee mwenye mvi, nikajibwaga chini. "Mguu umeteguka!"

Mzee na wadogo zake wakakata miti, wakafunga kanga za Rehema, wakanibeba kwa machela. Mkwe anahema, mie nimelala naugulia kama mzazi aliye leba. Nafsi ilinisuta, lakini ningeshukaje?

Walipochoka wakanitua chini wapumzike. Wakanitua juu ya msafara wa siafu.

Nilikurupuka, nikavua suruali huku nakimbia, nikaruka kijito na kupanda ukingo wa pili kama mbuzi. Kugeuka, Rehema kajifunika uso. Mzee kasimama na suruali yangu mkononi, jasho linamchuruzika.

"Pole, mwanangu," akaniita kwa upole. "Hebu nikumbushe, ulisema mguu gani?"