Bastola ya Rangi

Harufu ya thina hunirudisha moja kwa moja kwenye stoo ya nyumba yetu ya Madinat Sultan Qaboos. Juzi fundi alikuwa anapaka rangi mlango wa jirani, nikasimama pale ngazini na mifuko yangu ya sokoni mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimekaa juu ya kopo tupu, namtazama Baba akigandisha bawa la ndege ya plastiki.

Baba alifanya kazi wizarani. Alasiri alivua kanzu yake, akaingia stoo na kuanza kujenga ndege na meli ndogo, zile zinazouzwa vipandevipande kwenye boksi. Mimi nilikuwa mshirika wake. Mama alisema kichaa chetu ni kimoja, tumegawana tu.

Kilichotusumbua ni brashi. Hata upake kwa utulivu namna gani, huacha michirizi, na ndege yenye michirizi huonekana kitu cha kuchezea watoto. Mimi, msinicheke, sikujihesabu mtoto. Mwaka ule nilimaliza kujenga ndege ya kwanza iliyokuwa yangu peke yangu, na Baba akaniahidi mashine ndogo ya kupulizia rangi. Alisema nitaichagua mwenyewe.

Tukaenda madukani Ruwi. Muuzaji, Mhindi mwenye subira, alitutilia maji ya wino ndani ya mashine na kututandikia gazeti la kujaribia. Aina zilikuwa mbili. Ya kwanza ilishikwa kama kalamu, na kidole kimoja kilitakiwa kifanye kazi mbili: kubonyeza chini ili upepo utoke, na kuvuta nyuma ili rangi ifuate. Nilijaribu, wino ukatawanyika gazetini kama miguu ya buibui. Ya pili ilikuwa na mshiko wa bastola. Unaikamata kwa kiganja kizima, unavuta kifyatulio, upepo unatangulia na rangi inafuata yenyewe. Mstari ukatoka mwembamba, umenyooka. Nikasema ni hii. Baba akaniuliza kama nina hakika, akauliza tena, kisha akalipa. Boksi nikalibeba mimi.

Nyumbani nilimkuta Bibi, mama yake Baba, sebuleni anachambua mchele. Akataka kujua tumenunua nini. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikuwa na haja ya maelezo marefu.

"Tumenunua bastola, Bibi."

Aliweka sinia chini. Hakunigombeza. Aliinuka akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, kisha akavuta mapazia, moja baada ya jingine, jua likiwa bado kali. Baba alipoingia kwa mlango wa jikoni akaelewa mara moja. Alimweleza mama yake kwamba ni ya rangi tu, akaniambia nifungue boksi nimwonyeshe kikombe cha kutilia rangi. Bibi hakutazama.

"Nishasikia kuwa ya rangi," alisema. "Lakini nna wajukuu humu ndani. Kitu kinachoshikwa hivyo sikitaki."

Nilimtazama Baba anitetee. Alichukua funguo za gari.

"Sawa, Mama."

Tulirudi Ruwi kabla ya magharibi. Njia nzima nilinuna. Siku ile nilimchukia Bibi, na sioni haja ya kuficha. Nilimwona bibi kizee mwenye vitimbi, anayeogopa jina la kitu. Muuzaji alitubadilishia bila maneno, tukarudi na ile ya kalamu. Ndege yangu ilikaa bila rangi zaidi ya mwezi, mpaka kidole changu kilipojua kazi zake mbili. Kila jioni Baba aliweka kidole chake juu ya changu, tukibonyeza na kuvuta pamoja juu ya magazeti ya zamani.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Siku za msiba, shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyenisimulia. Unguja, mwaka wa sitini na nne, kijana mmoja aliingia nyumbani kwao wakati wa chakula, bastola mkononi, akamtaka babu yangu. Babu aliomba anawe mikono kwanza. Akanawa, akatoka, hakurudi.

Nililia kwa aibu. Shangazi alidhani namlilia Bibi, akaniacha kidogo, halafu akaongeza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Baba yako ndiye aliyekuwa akimmiminia maji."

Alikuwa na miaka tisa.

Baba yu hai, na sijawahi kumuuliza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama aliigusa ile ya mshiko wa bastola, hata mara moja, sikumbuki. Kama Bibi asingesema neno, ingekaa stoo kwetu miaka yote, mkononi mwangu, na yeye angekaa kando yangu kila jioni bila kusema lolote.