Timazi Ndani ya Ndoo

Jirani zetu wa Mji wa Kale wamezoea kusimulia kwamba ukuta wa chumba cha bibi yangu uliporomoka, ukajengwa mara mbili. Napinga. Ukuta ule niliuona ukiinuka kwa macho yangu, nami siridhii mama yangu na fundi wake wasingiziwe.

Ilikuwa miaka ya vita. Bibi, mzaa mama, alikuwa hawezi tena kupanda ngazi, hivyo tukaazimia kumjengea chumba uani. Boriti za dari zilikuwa adimu, na zile tulizozipata zilikwisha kukatwa. Upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti: ukuta ukilala nje kidogo tu, hazitaufikia, na bibi atabaki ghorofani kama mfungwa.

Mama aliketi na ungo wa mchele, akiutazama ukuta kuliko mchele.

"Fundi, ukuta wako una safari. Unakwenda mtaa wa Majengo."

"Bi mkubwa, ni unywele tu."

"Unywele chini, shibiri juu. Boriti utazivuta kwa meno?"

Fundi akacheka, akateremsha timazi, ule uzi wake wenye pande la risasi. Upepo wa kusi uliopenya uchochoroni ukalibembeza, naye kila alipotazama akaona alichopenda kuona. Mama hakubishana. Alileta ndoo ya maji akaiweka chini ya uzi.

"Liogeshe kwanza, litulie."

Risasi ikazama, uzi ukanyamaza. Safu ya juu ya mawe, ya tatu, ilikuwa imetoka nje unene wa kucha.

"Wallahi, safari ipo," akasema fundi.

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Aliondoa safu moja, naandika moja, akaipanga upya. Tangu hapo ndoo haikubanduka penye ukuta. Mama alipotaka kufua, ilimbidi amwombe fundi ruhusa, naye fundi hakuacha kujivunia cheo hicho.

Wapo wanaoipachika habari hii methali ya ufa. Ufa gani? Haukuwahi kuwapo, na hiyo ndiyo sifa ya mama na fundi.

Boriti zilipopandishwa, ziliketi barabara pande zote mbili. Bibi akateremshwa kwa kiti, akalazwa kitandani, akazikagua moja moja.

"Fundi, hazitaniangukia?"

"Labda uzivute mwenyewe, Bibi."

"Basi niachieni timazi na ile ndoo. Nikishuku, nitapima."