Kupanda Kisarawe kwa Rivasi

Gari letu lilianza uchelewaji wake asubuhi, pale Tangini, mbele ya nyumba tunayopanga. Unaweka gia kwenye D, unasubiri, hakuna kitu. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele kama inakimbia na gari limekaa palepale. Halafu ghafla linashtuka, linaruka mbele, kisogo kinagonga kiti.

"Ubaridi tu huo," mume wangu alisema. "Likipata moto litatulia."

Ubaridi. Kibaha. Msimu ambao saruji ya uani inachoma nyayo kabla chai haijapoa.

Ningecheka, lakini binti yetu ana sikoseli, selimundu kama wanavyoandika kliniki. Maumivu yakimjia hayapigi hodi. Anacheza vizuri, mara anakaa chini, anashika magoti, sura inakuwa ya mtu mzima. Hapo ni maji, dawa, na yakizidi ni hospitali, haraka. Ndiyo sababu tulinunua gari. Si kwa ajili ya harusi za watu wala kupeleka majirani sokoni. Kwa hiyo gia ilipochelewa, mimi sikusikia gia. Nilisikia mtoto analia kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilokwenda.

Na aliyeiua ile gia boksi namjua, nalala naye. Anafanya kazi ofisini Dar, kila siku ya kazi yuko Barabara ya Morogoro, kwenda na kurudi. Wajomba zake waliokuwa madereva wa malori walimfundisha ufundi wao: ukifika mteremko, toa gia, weka frii, gari lijiteremkie lenyewe, mafuta yabaki. Labda kwa malori yao ya zamani ilikuwa na maana. Kwa gari la oto lililochoka kama letu, ni kulichinja. Anashuka kwa frii, akifika bondeni anarudisha D gari likiwa kwenye mwendo, na huko chini unasikia kitu kinaguna. Fundi alimwonyesha oili iliyotoka humo, nyeusi, inanuka kuungua. Mume wangu akaitikia kwa adabu zote. Kesho yake, mteremko wa kwanza, mkono uleule kwenye gia.

"Weka D."

"Mama, hebu tulia. Dereva nani humu?"

"Nimesema weka D."

"Mimi nimeendesha magari kabla sijakujua."

"Ndiyo maana yote yamekufa."

Jumamosi ile dada yake alikuwa anamtoa mwali, huko kwao Kisarawe. Binti yake alikuwa amekaa ndani siku zake, amefundwa, na sasa anatolewa nje kwa ngoma na vigelegele. Mimi ni mtu wa bara, kwetu hatuna hayo, lakini nimekaa Pwani vya kutosha kujua kwamba mke wa kaka mtu asipoonekana siku hiyo atasemwa mpaka wajukuu. Nikasema basi, twende na basi. Akasema hawezi kufika kwao na basi wakati watu wanajua ana gari.

Tukaenda na gari. Tulipita njia ya ndani ya Kiluvya, na kila kilima injini ilinguruma na sisi tukasogea kama jongoo. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye chupa ya maji ya mtoto, mwingine umeshika mlango. Niliwaamkia wakwe zangu shikamoo nikiwa bado nina jasho la mgongo.

Ngoma ilinoga. Nilimwambia binti yangu asikimbie, anywe maji, akae kivulini. Nani anakaa kivulini ngoma ikilia? Nilikuwa jikoni na wenzangu, tunapakua pilau, nikasikia ukimya wake. Mama anausikia ukimya wa mtoto wake hata katikati ya ngoma. Nilimkuta kakaa nyuma ya choo, amekumbatia miguu.

"Mama, mifupa."

Nikampa dawa, nikampa maji. Homa ikapanda. Mikono ikavimba. Akaanza kulia kile kilio cha chinichini ambacho ni kibaya kuliko cha kupiga kelele. Hospitali ya wilaya iko juu mjini, na kwa wakwe zangu ni bondeni. Katikati kuna kilima kirefu cha barabara nyekundu iliyochimbika.

Tulijaribu bodaboda kwanza. Nilipompakata tu na pikipiki ikaingia shimo la kwanza, alipiga yowe mpaka dereva mwenyewe akasimama. "Dada, huyu hatafika hivi," akasema. Tukarudi.

Tukamweka kwenye gari, kichwa chake kwenye mapaja ya bibi yake. Mume wangu akawasha, akaweka D. Injini ikanguruma. Gari halikusogea hata upana wa kucha. Akakanyaga zaidi, harufu ya kuungua ikaja ndani.

"Acha! Unaliunguza!"

"Litashika. Subiri lishike."

"Linashika lini? Mtoto anakufa huku!"

Sikupaswa kulisema neno lile mbele ya bibi yake. Lilitoka.

Vijana wakaja kusukuma. Kilima hakisukumiki. Kisha lori la mchanga likapiga honi mbele yetu, linateremka, linataka njia, na mume wangu akaweka rivasi ili alipishe. Gari likarudi nyuma na kupanda tuta la pembeni kwa nguvu, bila kusita, kama jipya.

Nikamwangalia. Naye akaniangalia. Najua aliliona jambo lilelile, maana alianza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Geuza," nikasema. "Tupande kwa nyuma."

"Mbele ya ukoo mzima? Watu watatucheka mpaka—"

"Shuka."

"Nini?"

"Shuka kwenye gari!"

Leseni ninayo. Nilijifunza kuendesha baada ya kliniki kutupa majibu ya mtoto, kwa woga, si kwa kupenda. Akashuka. Vijana wakasaidia kuligeuza, mkia ukatazama juu, nikaweka R, nikageuza shingo, nikakanyaga.

Likapanda.

Mume wangu akakimbia mbele yetu, yaani nyuma yetu, sijui niseme vipi, akafika kila kona kabla yangu na kusimamisha pikipiki kwa mikono miwili, shati la sherehe limetoka nje ya suruali. Shingo iliniwaka. Kioo cha nyuma kilijaa vumbi, na chini ya kioo niliona uso wa mtoto, midomo imekauka. Nilikuwa naomba jambo moja tu: hii rivasi isife. D ilikufa kwa miezi. Hii ikifa hapa katikati, sina kitu kingine.

Tukawakuta wanawake wa ngoma wanateremka kutoka kumtembeza mwali, kanga sare, wamelewa furaha. Wakadhani ni mchezo.

"Heee! Mkwe kashiba pilau, anaondoka kinyumenyume!"

"Anaogopa kutupa mgongo! Ana adabu huyo!"

"Wifi, kwenu bara ndivyo mnavyoaga?"

Mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akatoa kichwa dirishani. "Pisheni, mashetani nyie! Mtoto anaumwa!" Vigelegele vikakatika. Wakaruka vichakani na kanga zao, na wawili wakatupa ngoma chini wakaja kusukuma pale penye mtaro.

Getini mlinzi akainua mkono. "Dada, kutoka ni geti lile."

"Naingia!"

"Mbona umegeuka hivyo?"

"Fungua, baba, nitakueleza siku nyingine!"

Wakamwekea dripu na dawa ya maumivu. Nilisimama kando ya kitanda nikiangalia vidole vyake vikiachia shuka, kimoja baada ya kingine, mpaka akalala. Mume wangu alifika amejaa vumbi hadi kope. Akakaa sakafuni, akashika mguu wa mtoto juu ya shuka. Hakusema samahani. Akasema, "Nipe ufunguo, nikalisogeze, limeziba njia."

"Nitalisogeza mwenyewe."

Ufunguo huo sijamrudishia mpaka leo. Kazini anakwenda na basi. Gari limewekewa gia boksi ya mtumba, na fundi anaapa ni nzima. Mimi siamini kiapo cha mtu. Kila wiki namwacha mtoto kwa jirani, nalipeleka peke yangu njia ya Mbwawa mpaka kwenye kilima, nasimama katikati ya mwinuko, naweka D, nasubiri. Likishika, namfuata mwanangu. Mume wangu anasema nina wazimu, na huenda ni kweli. Juzi lilichelewa kidogo, kama pumzi moja hivi. Tangu hapo silali vizuri, na kesho nalirudisha kwa fundi.